ECC83, EL34 au KT88: valvu ipi uiweke kwenye amplifaya yako hapa Mombasa

Ukiwa na amplifaya ya valvu (vile vichupa vya kioo vyenye filamenti vinavyokuza sauti) Mombasa na sauti imeanza kufifia, au upande mmoja wavuma, au besi imelegea, utapewa ushauri wa aina mbili. Mmoja atakwambia utafute Mullard za zamani zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, ulipe bei yoyote utakayotajiwa. Mwingine atakwambia valvu ni valvu, chukua za bei nafuu maisha yaendelee. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Kwa hali yetu ya Pwani, valvu kubwa za nguvu, zile zinazosukuma spika, nunua mpya zilizolinganishwa (zilizopimwa zikaonekana kufanya kazi sawa), na pesa za kutafutia utamu ziweke kwenye valvu ndogo moja tu, ile ya mbele inayopokea sauti kabla ya nyingine zote. Na kabla hujatoa hata shilingi, pima stima inayoingia nyumbani kwako.

Hili la stima nalianza nalo kwa sababu ndilo linaloamua nusu ya uchaguzi wako, na wauzaji wa ng'ambo hawalizungumzii kwa kuwa haliwahusu.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Amplifaya nyingi za Kichina zimeandikwa nyuma 220V, na nyingi za Ulaya 230V. Transfoma ya ndani ndiyo inayotoa volti 6.3 za kupasha moto filamenti ya kila valvu. Ukiichomeka ya 220 kwenye 240, zile 6.3 zinakuwa karibu 6.9. Kiwango ambacho valvu huvumilia kwa desturi ni asilimia 10 juu au chini, yaani mwisho wake ni 6.93. Kwa hivyo umeshafika ukingoni na stima bado haijapanda. Usiku wa manane, mtaa mzima ukishazima vyombo, hupanda. Volti za anodi, lile bati la ndani ya valvu, nazo zapanda kwa kadiri hiyohiyo: mahali palipokusudiwa 430 utakuta kama 469.

Nilikuwa Mwembe Tayari kwa fundi wa redio na amplifaya, kijana akaingia na valvu za nguvu nne aina ya EL34 ndani ya mfuko, kioo kimeshaingia wingu la hudhurungi karibu na juu. Hazikuwa zimemaliza mwaka. "Fundi, hizi za Kichina ni mbovu?" Mzee hakumjibu mpaka alipoiwasha amplifaya yenyewe na kugusisha ncha za mita kwenye pini ya 2 na ya 7 za soketi, zilipo waya za filamenti. Mita ikasoma 7.0. "Si mbovu, mwanangu. Zachomwa." Valvu ghali kuliko hizo zingekufa vilevile.

Ndiyo maana nasema: kama bajeti yako yatosha kitu kimoja tu kati ya valvu za jina kubwa na stebilaiza nzuri (kifaa cha kutuliza volti za stima), nunua stebilaiza. Kabla ya hapo fungua kifuniko, au umpe fundi afungue, uangalie kama transfoma ina waya wa 240 ambao haukuunganishwa. Nyingi wanao, na kazi ni kuhamisha waya mmoja tu. Ikiwa hauko, fundi anayejua anaweza kuunga transfoma ndogo ya volti 12 au 18 kinyume na stima ili ikate hizo volti za ziada. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya ladha yawe na maana.

Valvu ndogo: hapa ndipo sauti inapobadilika

ECC83 na 12AX7 ni valvu moja yenye majina mawili, la Ulaya na la Marekani. Ndiyo utakayoikuta kwenye amplifaya za gita, kwenye sehemu ya santuri, na kwenye redio-gramu za zamani. Ukuzaji wake ni 100. Ina ndugu wanaoingia soketi ileile ya pini tisa kwa mpangilio uleule: 5751 yenye ukuzaji wa 70, ECC81 ambayo Wamarekani huiita 12AT7 yenye 60, na ECC82 au 12AU7 yenye chini ya 20. Kwa kuwa zote zaingia, watu huzibadilishana kutafuta sauti. Naikubali moja tu: 5751 mahali pa ECC83, pale ambapo amplifaya ina nguvu kupita kiasi, yaani ukigusa tu kitufe cha sauti chumba kimejaa na nyuma ya muziki wasikia ule mchirizo wa "shhh". Inapunguza ukuzaji bila kubadilisha tabia ya mzunguko kwa kiasi kikubwa.

ECC82 mahali pa ECC83 siipendekezi kwa msikilizaji. Upinzani wa ndani wa ECC83 ni kama ohmu 62,500. Wa ECC82 ni kama 7,700. Rezista zilizoizunguka zilichaguliwa kwa ile ya kwanza. Kwenye sehemu ya santuri mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu upinzani huo umo ndani ya hesabu ya kusawazisha besi na sauti za juu. Ukibadilisha aina, mizani yenyewe inahama, na utadhani umepata "sauti mpya" kumbe umeipotosha santuri.

Halafu iko ECC88, iitwayo pia 6DJ8, na ndugu yake imara E88CC au 6922. Nayo ina pini tisa, ila si jamaa wa ECC83 hata kidogo. Filamenti yake yataka volti 6.3 kwenye pini ya 4 na ya 5, na pini ya 9 ni kinga kati ya nusu zake mbili. Kwenye ECC83 pini hiyohiyo ya 9 ni katikati ya filamenti. Ukiikosea unaweza kuua valvu na kitu kingine pamoja nayo. Hata ndani ya familia yake kuna mpaka: ECC88 ya kawaida mwisho wake ni volti 130 za anodi, ilhali E88CC yavumilia hadi 220. Kutoka ECC88 kwenda E88CC hakuna shida. Kurudi nyuma, angalia volti kwanza. Na ile 6N1P ya Kirusi inayouzwa kama badala ya bei nafuu hunywa miliampea 600 za filamenti, zaidi ya mara moja na nusu ya ECC88, kwa hivyo transfoma ndogo itaumia.

Sasa turudi ECC83 tulinganishe zinazopatikana mpya. JJ hutengenezwa Čadca, Slovakia. ECC83S yao ina bati fupi ndani, imetulia, haipokei mtikisiko kwa urahisi. Sauti yake ni nene na laini, juu imefunikwa kidogo: fidla za taarab zinakuwa tamu, ila uzi wa udi unapopigwa, ule mguso wa kwanza kabla ya noti kujaa, unakuwa wa mviringo kuliko inavyostahili. Electro-Harmonix 12AX7EH, itokayo kiwanda cha Saratov, Urusi, iko wazi zaidi. Mwimbaji akivuta pumzi kati ya beti mbili wamsikia. Kwangu mimi ndiyo ya kati iliyo salama, isiyomwongezea mtu sukari wala kumnyima.

Kiwanda hichohicho cha Saratov ndicho kinachotoa Sovtek 12AX7LPS, na hii nitaisimamia kidogo maana wengi huisifu bila kueleza sharti lake. Ina bati refu na filamenti iliyosokotwa. Huo msokoto hupunguza mvumo wa stima, na sehemu ya santuri, ambako sauti ni dhaifu na mvumo mdogo tu wasikika, unaona faida yake mara moja. Inafungua jukwaa, besi inashuka, waimbaji wa nyuma wanapata nafasi yao. Lakini bati refu hutikisika. Katika nyumba ambayo amplifaya imekaa meza moja na spika, kama zilivyo sebule nyingi za Majengo na Mji wa Kale ambako nafasi ni ndogo, spika itaitikisa valvu, valvu itaurudisha mtikisiko huo ndani ya sauti, na besi itakuwa na ukungu. Kama huwezi kuitenganisha amplifaya na spika, achana na LPS uchukue JJ ya bati fupi. Kipimo chake ni rahisi: amplifaya ikiwa imewaka, gonga kioo taratibu kwa kalamu ya risasi. Kishindo kidogo ni kawaida. Mlio unaoendelea baada ya kugonga ni tatizo.

Tung-Sol mpya nayo ni ya Saratov, na ndiyo yenye mwanga mwingi kuliko zote nilizotaja. Kwa spika zenye kelele za juu itakuchosha. Jina Mullard lililoandikwa kwenye maboksi mapya pia ni la Saratov, wala si la Blackburn. Si valvu mbaya, bali ujue unanunua nini. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa kusafirishwa nje, majina yote haya ya Saratov yaliadimika kwa pamoja na bei ikapanda, ndipo wengi wakagundua kwamba walikuwa wakichagua kati ya lebo za mlango mmoja. Wachina wapo pia, Psvane kutoka Changsha wakiwa wanaojulikana zaidi kwa wasikilizaji. Sauti yao ni nzuri na nene katikati, ila bei yao haiko mbali na Warusi.

Na za zamani? Telefunken ya Ujerumani yenye bati laini ni safi na tulivu hivi kwamba unasikia ukimya wa studio nyuma ya mwimbaji. Mullard ya Blackburn ina joto katika sauti ya mtu ambalo sijalisikia kwa ECC83 yoyote mpya. Nakiri tofauti ipo, na inasikika kwa sikio la kawaida. Lakini inasikika zaidi ikiwa mahali pa kwanza kabisa, pale sauti inapoingia, kwa sababu kila kinachotokea hapo hukuzwa na valvu zote zinazofuata. Kuweka nne za zamani kwenye amplifaya moja ni kutawanya pesa. Weka moja mbele, au mbili ikiwa kila upande una yake, na zilizobaki zijaze kwa EH au JJ.

Ukinunua ya zamani, usiamini maandishi ya rangi kwenye kioo. Hayo huchapishwa upya. Telefunken halisi ina alama ya almasi ndogo iliyofinyangwa ndani ya kioo chenyewe, chini, katikati ya pini. Mullard ina herufi za kijivu zilizochomwa karibu na kitako. Mstari wa kwanza ni aina, mfano I63 kwa ECC83. Mstari wa pili ukisoma B5K2, basi B ni Blackburn, 5 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, K ni mwezi wa Novemba kwa kuhesabu A kuwa Januari, na 2 ni wiki. Muuzaji asiyekubali kukupigia picha ya hapo chini, pesa zako zibaki mfukoni.

Valvu za nguvu

EL34, 6L6GC na KT88 zote zakaa kwenye soketi ya pini nane, na hapo ndipo mtu hudhani zabadilishana kama balbu. Tazama filamenti kwanza. 6L6GC hunywa ampea 0.9, EL34 1.5, KT88 1.6. Kwa amplifaya ya valvu nne, hiyo ni ampea 3.6 dhidi ya 6 dhidi ya 6.4. Transfoma iliyotengenezwa kwa 6L6GC haiwezi kubeba KT88 kwa usalama, na katika joto letu la Februari hutaona ikichemka mpaka uinuse. Tena EL34 ina gridi yake ya tatu (wavu wa waya wa ndani) kwenye pini ya 1, ambayo lazima iungwe na pini ya 8. Amplifaya ya 6L6GC mara nyingi imeiacha pini ya 1 tupu, au fundi ameitumia kushikilia waya mwingine.

Kwa sauti, EL34 humweka mwimbaji mbele. Ina utamu wa sauti za kati, besi laini isiyo na ngumi. Kwa taarab, kaswida na sauti za watu kwa jumla, ndiyo chaguo langu na sina wasiwasi nalo. KT88 ina besi imara na udhibiti. Ngoma za chakacha zinasimama, na spika ngumu haziishindi. 6L6GC iko katikati, juu yake safi, kati yake imerudi nyuma hatua moja, na wapiga gita huipenda kwa usafi huo.

Kuna kitu ambacho muuzaji wa KT88 hatakueleza. Ni kweli kwamba KT88 imepimwa kubeba wati 42 kwenye anodi na EL34 wati 25. Lakini kuiweka mahali pa EL34 hakukupi sauti kubwa zaidi, kwa sababu volti na transfoma ya kutokea, ile inayopeleka sauti kwenye spika, ni zilezile. Unachopata ni besi iliyokaza zaidi kidogo na valvu inayofanya kazi bila kujikaza, basi. Ikiwa amplifaya yako imeandikwa na mtengenezaji kwamba yakubali zote mbili, ni faida, hasa kwa stima yetu ya juu: KT88 ina nafasi ya kuvumilia. Ikiwa haikuandikwa, baki na EL34.

Nunua mpya, jozi au nne zilizolinganishwa. JJ EL34 ni imara, na pesa za jozi moja ya EL34 za Mullard ya zamani zitakupa seti kadhaa za JJ. Valvu ya nguvu huliwa na kazi: saa 1,500 hadi 3,000 ndiyo kawaida yake, wakati ndogo hufika 5,000 na kupita. Anayesikiliza saa nne kila siku atamaliza saa 2,000 kwa mwaka mmoja na miezi minne au mitano. Sioni busara ya kuunguza kitu adimu kwa kasi hiyo.

Halafu bayasi, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye valvu hata muziki ukiwa kimya. Amplifaya zenye bayasi ya kujirekebisha, ambazo zina rezista kubwa chini ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), chomeka ucheze. Zenye bayasi ya kurekebishwa zataka kupimwa kila unapobadilisha. Hesabu ya EL34: asilimia 70 ya wati 25 ni wati 17.5. Gawa kwa volti za anodi. Kwenye 430 ni kama miliampea 40. Kwenye zile 469 za stima yetu isiyorekebishwa ni 37. Ndiyo sababu kunakili tarakimu ya mtu wa Ulaya kutoka mtandaoni si sawa hapa. Nyingi zina rezista ya ohmu moja ya kupimia, na hapo millivolti unazosoma ndizo miliampea. Ukiona bati la ndani linaanza kuwa jekundu, zima papo hapo. Na mikono yako iwe mbali: humo mna volti za kuua mtu, na kapasita hubaki na chaji baada ya kuchomoa waya.

EL84 za redio-gramu

Nyumba nyingi za zamani bado zina Grundig au Philips ya mbao, na ndani yake mara nyingi ECC83 na EL84. Kati ya JJ EL84 na Sovtek EL84M, ambayo kwa asili ni 6P14P-EV ya Kirusi, chukua EL84M. JJ ni tamu kidogo zaidi, lakini nyingine imeundwa kuvumilia, na redio-gramu hizi huisukuma EL84 hadi mwisho wa uwezo wake.

Ila usiinunue kabla ya kupima kapasita inayotoka ECC83 kwenda EL84. Za karatasi za miaka hiyo, na unyevu wa bahari juu yake, huvujisha. Chomoa EL84, washa redio, pima pini ya 2 ya soketi yake dhidi ya chasi. Isome sifuri. Ikisoma volti chanya, kapasita imekufa, na valvu yoyote utakayoweka itaifuata, iwe JJ au Mullard. Kapasita mpya ni pesa kidogo sana. Halafu geuza kile kichaguzi cha volti cha nyuma kiwe 240. Vingi viliachwa 220.

Kwa rektifaya, valvu inayogeuza stima ya AC kuwa DC, GZ34 hupanda polepole na kuwapa wenzake muda wa kupata moto, kwa hivyo ndiyo bora. 5U4G hushusha volti za anodi, jambo linaloweza kusaidia hapa, lakini yataka ampea 3 za filamenti dhidi ya 1.9 za GZ34, na transfoma nyingi hazina hizo. 5Y3GT ni ya amplifaya ndogo tu. Yoyote utakayoweka, stima ikikatika na kurudi ghafla, zima swichi, subiri dakika kadhaa, ndipo uwashe.

Chumvi ya hewani huingia kwenye soketi. Kabla ya kuchomeka valvu mpya, pulizia soketi dawa ya kusafishia umeme, ingiza na kutoa valvu ya zamani mara chache, na kama mashimo yamelegea mwambie fundi ayakaze. Pini zenye rangi ya dhahabu usizipige msasa. Mivumo mingi inayosingiziwa valvu huishia hapa.

Mzigo ukifika, na ushuru umeshalipa, kagua siku hiyohiyo. Ile rangi ya fedha juu ya kioo ikiwa imegeuka nyeupe, hewa imeingia, usijaribu hata kuiwasha, irudishe. Zilizo nzima ziwashe usiku mmoja, kisha zile ndogo zibadilishe kushoto na kulia. Kelele ikihama upande pamoja na valvu, ni valvu, mwandikie muuzaji. Isipohama, tatizo liko ndani ya amplifaya, na hapo ni kazi ya fundi.